Kulea Watoto wa Mbwa Nyumbani

Katika mashamba mengi ya nchi yetu, ng'ombe akikaribia kuzaa, habari hujulikana nyumba nzima. Mwenye ng'ombe huandika siku aliyopandishwa, humtengea majani mazuri, na usiku wa kuzaa hukesha na taa mkononi. Kuku naye akiatamia huwekewa kikapu, na watoto hukatazwa kumsumbua. Lakini mbwa jike, ambaye huwalinda ng'ombe huyo na kuku huyo usiku kucha, huachwa ajizalie chini ya ghala kama mnyama wa mwituni. Baada ya majuma mawili twasikia vilio chini ya mbao, na hapo ndipo twajua ya kuwa mbwa amezaa. Baada ya mwezi mmoja watoto waliokuwa wanane wamebaki watatu, nao wana matumbo makubwa na miguu myembamba. Mwenyewe akiulizwa hujibu, "Ndiyo desturi ya mbwa."

Si desturi ya mbwa. Ni desturi yetu sisi.

Nasema hivyo kwa kuwa jambo hili lilinipata mimi mwenyewe. Mbwa wangu wa kwanza alizaa watoto saba nyuma ya jiko. Niliwaacha kwa mama yao, nikaona ya kuwa kazi yangu ni kumtupia mama ugali uliobaki. Wawili walikufa kwa baridi katika siku tatu za kwanza. Watatu walikufa katika juma la tatu na la nne, matumbo yamevimba kama ngoma. Mmoja wao alipotapika, nililoliona ni fundo la minyoo myeupe mirefu. Nilikwenda kwa afisa wa mifugo nikiwa na hasira, kana kwamba yeye ndiye aliyewaua. Akaniuliza maswali manne tu: Walizaliwa mahali gani? Uliwapima uzito? Mama alipewa dawa ya minyoo lini? Amechanjwa? Sikuwa na jibu hata moja.

Makala haya yametokana na maswali hayo manne. Mara ya pili mbwa yule yule alizaa watoto sita, na wote sita walikua.

KABLA YA KUZAA

Mbwa huchukua mimba kwa muda wa siku 63, au pungufu kidogo, au zaidi kidogo. Yaani miezi miwili hivi. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuandika siku aliyopandwa. Mtu ajuaye tarehe hiyo hashtukizwi.

Katika majuma matano ya kwanza mama hana haja ya chakula kingi kuliko kawaida. Tangu juma la sita na kuendelea chakula kiongezwe kidogo kidogo, hata akikaribia kuzaa awe anakula karibu mara moja na nusu ya chakula chake cha siku zote. Lakini asipewe chote kwa mara moja, kwa maana tumbo lake limejaa watoto na nafasi ya chakula imekuwa ndogo. Afadhali apewe mara tatu kwa siku.

Kuhusu chanjo, yafaa mama awe amekwisha kuchanjwa kabla ya kupandwa. Sababu yake ni hii: kinga aliyo nayo mama huwafikia watoto, kwa sehemu iliyo kubwa, kwa njia ya maziwa ya kwanza, yale tuyaitayo dang'a. Mama asiye na kinga hana cha kuwarithisha. Tena mbwa mwenye mimba asipewe dawa ya aina yoyote pasipo kumwuliza daktari wa mifugo, kwa sababu dawa nyingine huwadhuru watoto walio tumboni.

Majuma mawili kabla ya siku yenyewe, mtengenezee mahali pa kuzalia. Sanduku la mbao latosha, au pembe ya banda iliyozungushiwa mbao. Urefu wake uwe kiasi ambacho mama anaweza kujinyosha pasipo kubanwa. Ukuta wa mbele uwe mfupi, mama aweze kuuvuka, lakini watoto wasitoke. Kando ya kuta, kwa ndani, pigilia fito kiasi cha sentimita 10 juu ya sakafu na mbali na ukuta kiasi hicho hicho. Fito hizo huwaponya watoto wasibanwe na mgongo wa mama anapojilaza. Chini tandika magunia yaliyofuliwa au magazeti ya zamani, maana hayo hutupwa yakichafuka. Usitandike majani yaliyotoka zizini, kwani huleta viroboto na kupe. Mahali penyewe pawe pakavu, pasipo upepo, na mbali na njia ya watu. Mwache mama azoee kulala hapo kabla ya siku yake kufika. Ukimhamisha siku ya uchungu atarudi chini ya ghala.

SIKU YA KUZAA

Siku inapokaribia, mama hukataa chakula, huhema, na huparua matandiko kana kwamba achimba shimo. Aliye na kipimajoto aweza kujua mapema zaidi: joto la mbwa kwa kawaida ni kati ya digrii 38 na 39, nalo hushuka chini ya digrii 37 na kitu siku moja hivi kabla ya kuzaa.

Mara nyingi mbwa huzaa pasipo kusaidiwa, na kazi ya mwenyewe ni kukaa kimya na kutazama. Majirani na watoto wasikusanyike. Kila mtoto hutoka katika utando, na mama huupasua kwa meno, huukata ujusi, na humramba mtoto mpaka alie. Mama asipofanya hivyo upesi, basi wewe upasue utando kwa vidole safi, pangusa pua na mdomo wa mtoto, na umsugue kwa kitambaa kikavu hata apumue. Ujusi ukihitaji kukatwa, ufunge kwa uzi uliochemshwa, upana wa vidole viwili kutoka tumboni, ukate upande wa mbele wa fundo kwa wembe mpya, na upake dawa ya iodini. Hesabu makondo ya nyuma: kila mtoto ana lake. Likibaki moja tumboni laweza kuoza na kumletea mama homa.

Yako mambo matatu ambayo yakitokea mtu asingoje kupambazuke, bali amwite daktari mara moja. La kwanza, mama anasukuma kwa nguvu nusu saa na hakuna mtoto atokaye. La pili, zimepita saa zaidi ya mbili tangu mtoto aliyetangulia, na wewe waona bado wako wengine. La tatu, amemwaga maji ya rangi ya kijani kibichi kabla ya mtoto wa kwanza kuzaliwa.

JUMA LA KWANZA: JOTO NA DANG'A

Mtoto wa mbwa huzaliwa akiwa kipofu na kiziwi. Zaidi ya hayo, hana uwezo wa kujipasha joto. Hata kutetemeka hawezi. Joto lake ni lile alipewalo na mama yake na ndugu zake. Ndiyo sababu katika sehemu zetu za baridi, kama Nyandarua, Limuru au Kericho, watoto wengi hufa usiku wa kwanza na wa pili, na mwenyewe hudhani wamelaliwa na mama.

Mahali walalapo katika juma la kwanza pafaa kuwa na joto la digrii 29 hadi 32. Asiye na umeme aweza kutumia chupa iliyojazwa maji ya moto, ikafungwa katika kitambaa kizito na kuwekwa upande mmoja wa sanduku, ili mtoto aonaye joto kupita kiasi aweze kujisogeza. Jiko la makaa lisiingizwe kamwe katika chumba kilichofungwa, kwa sababu hewa yake huua watu na mbwa pasipo kelele. Ukitazama jinsi walivyolala utajua hali yao: wakirundikana na kulia wanaona baridi, wakitawanyika pembeni na kuhema wanaona joto, wakilala bega kwa bega kimya, wamestarehe.

Kila mtoto lazima anyonye dang'a katika siku ya kwanza, na afadhali katika saa chache za mwanzo, kwa kuwa baada ya siku moja utumbo wake hauwezi tena kupokea kinga ile. Aliye mdogo kuliko wote husukumwa na wenzake. Mshike umweke kwenye chuchu za nyuma, ambazo mara nyingi ndizo zenye maziwa mengi.

Sasa nakuja kwenye swali la pili la yule afisa, yaani uzito. Nilicheka aliponiambia niwapime watoto wa mbwa kwa mizani ya jikoni. Leo sicheki. Mtoto aweza kuonekana mnene hali anapungua, na mizani husema kweli siku mbili kabla ya macho yako. Wape alama kwa uzi wa rangi mbalimbali shingoni, uliolegea, nawe uubadilishe kila siku chache kwa kuwa wanakua upesi. Wapime kila asubuhi na uandike katika daftari. Kila mtoto apaswa kuongezeka kila siku, na akifikia siku ya 10 hivi uzito wake uwe mara mbili ya ule wa kuzaliwa: aliyezaliwa na gramu 300 awe na 600. Asiyeongezeka siku moja, mtazame. Asiyeongezeka siku mbili, msaidie.

Kumsaidia ni kumpasha joto kwanza, kisha ndipo kumlisha. Mtoto aliyepoa hawezi kuyasaga maziwa tumboni, ukimlazimisha atakufa. Maziwa ya ng'ombe peke yake hayafai, kwa sababu mafuta na nguvu ya kujenga mwili iliyomo katika maziwa ya mbwa ni kama mara mbili ya yale ya ng'ombe. Madukani mwa dawa za mifugo huuzwa maziwa ya unga yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wa mbwa. Kwa siku moja au mbili za shida, watu huchanganya kikombe kimoja cha maziwa yasiyoondolewa mafuta, viini vitatu vya mayai pasipo ute mweupe, kijiko cha mezani cha mafuta ya mahindi, na chembe ya chumvi. Yawe vuguvugu. Mtoto alishwe akiwa amelala kifudifudi, kama anyonyavyo kwa mama, wala si chali kama mtoto wa binadamu, maana maziwa yataingia katika mapafu. Mtoto asiye na mama alishwe kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana, na baada ya kula apanguswe chini ya tumbo kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu. Kwa asili mama huwaramba mahali hapo, na pasipo hivyo hawawezi kukojoa wala kwenda haja.

Macho hufunguka kati ya siku ya 10 na ya 14, na masikio baadaye kidogo. Usijaribu kuyafungua kwa vidole.

MINYOO HUANZA TUMBONI MWA MAMA

Hapa ndipo nilipopata jibu la kile kilichowaua watoto wangu watatu. Nilidhani ya kuwa minyoo huokotwa katika uchafu, na kwamba mtoto anyonyaye tu hawezi kuwa nayo. Kumbe mabuu ya minyoo mikubwa ya mbwa hulala katika nyama za mwili wa mama kwa muda mrefu, naye huonekana mzima kabisa. Mimba ikifikia majuma yake ya mwisho mabuu huamka, hupita katika kondo la nyuma, na kuingia katika watoto kabla hawajazaliwa. Mengine huwafuata kwa njia ya maziwa. Kwa hiyo karibu kila mtoto wa mbwa huzaliwa na mbegu ya minyoo, awe wa mkulima au wa tajiri.

Dawa basi isingoje tumbo livimbe. Wapewe mara ya kwanza wakiwa na majuma mawili, tena juma la nne, la sita na la nane, na mama apewe pamoja nao. Dawa iwe ile ya watoto wa mbwa na ipimwe kwa uzito wa kila mmoja. Hapo daftari lako litakufaa tena. Dawa za mbuzi na ng'ombe zisikisiwe kwa macho.

Jambo hili lawahusu pia watoto wetu. Mayai ya minyoo hiyo hutoka katika mavi ya mbwa, na yakikaa udongoni majuma mawili au zaidi huwa tayari kumwingia mwenye kuyala. Mtoto achezaye uani na kutia vidole mdomoni aweza kuyameza, na mabuu yakifika katika jicho yaweza kulipofusha. Kwa hiyo mavi ya mbwa yaokotwe kila siku na kufukiwa au kutupwa chooni, na watoto wanawe mikono kwa sabuni baada ya kucheza na mbwa.

Viroboto nao si jambo dogo. Wakiwa wengi humaliza damu ya mtoto wa mbwa hata ufizi wake ukawa mweupe, akafa. Lakini usimwogeshe kwa dawa ya josho la ng'ombe, kwa maana sumu hiyo itamwua kabla ya viroboto. Wachane kwa kitana chenye meno ya karibu karibu, fua matandiko kwa maji ya moto, na uulize dawa ifaayo umri wao.

CHAKULA CHA MAMA NA CHA WATOTO

Mama anyonyeshaye hufanya kazi kubwa kuliko nyingine zote za maisha yake. Kufikia juma la tatu na la nne, hitaji lake la chakula huwa mara mbili hata mara nne ya kawaida, kwa kadiri ya wingi wa watoto. Apewe chakula mara tatu au nne kwa siku, na maji safi wakati wote. Ukiona katika majuma hayo anatetemeka, anatembea kwa miguu migumu kama ya mbao, na kuhema kwa homa, jua ya kuwa chokaa ya damu yake imepungua kwa sababu ya maziwa. Waondoe watoto mara hiyo na umkimbize kwa daktari, kwa maana aweza kufa siku hiyo hiyo. Akichomwa sindano kwa wakati hupona upesi.

Watoto waanze kuonjeshwa chakula wakiwa na majuma matatu au manne. Kiwe laini kama uji mzito: ugali uliolegezwa kwa mchuzi wa nyama, pamoja na omena waliotwangwa, au yai lililochemshwa, au matumbo na maini yaliyopikwa na kukatwa vipande vidogo. Ugali mtupu hushibisha pasipo kujenga mwili. Wapewe mara nne kwa siku katika sahani pana, kiasi kidogo kidogo, na mabaki yaondolewe yasichache. Wakifika majuma saba au nane wawe wameacha kunyonya. Mchuzi wao usiwe na vitunguu, kwa kuwa vitunguu huharibu damu ya mbwa, na mifupa iliyopikwa wasipewe, maana huvunjika kama vioo.

Yako makosa mawili ya chakula ambayo katika nchi yetu ni ya hatari. La kwanza ni mahindi yenye kuvu. Tumezoea kusema, "Haya hayaliki, mpe mbwa." Mwaka 2004 watu 125 walikufa, wengi wao katika Makueni na Kitui, kwa kula mahindi yenye sumu ya kuvu iitwayo aflatoksini. Sumu hiyo huharibu ini la mbwa kama ilivyoharibu la watu hao, na mtoto wa mbwa hana nguvu ya kuistahimili. Mahindi yasiyofaa kwa mtu hayafai kwa mbwa.

La pili ni kumtupia mbwa mapafu na maini mabichi yenye malengelenge ya maji siku ya kuchinja. Ndani ya malengelenge hayo mna vijitegu. Mbwa akiyala hupata tegu, mayai ya tegu hutoka katika mavi yake, na mtu akiyameza humea uvimbe mkubwa katika ini au pafu. Turkana ilipata kujulikana ulimwenguni kwa wingi wa ugonjwa huu, hata mwaka 1983 AMREF ikaanzisha huko kazi ya kuupunguza. Nyama ya namna hiyo ichomwe moto au ifukiwe shimo refu.

CHANJO

Mwaka 1978 ulitambulikana ugonjwa mpya wa mbwa uitwao pavo, ambao kwa muda mfupi ulienea duniani kote. Mtoto hutapika, huharisha damu yenye harufu mbaya, na hufa kwa siku chache. Virusi vyake hudumu udongoni miezi mingi, hata mwaka na zaidi, wala sabuni ya kawaida haiviui. Penye sakafu ya saruji, osha kwa sabuni kwanza, kisha mwagia dawa ya klorini ya kufulia nguo, sehemu moja kwa sehemu 30 za maji.

Watoto wachanjwe pavo na homa ya mbwa wakiwa na majuma sita hadi manane, kisha warudiwe kila baada ya majuma matatu au manne mpaka wafike majuma 16. Wengi huuliza sababu ya kurudia. Kinga ya dang'a, iliyo njema kwa mtoto, huiua chanjo pia. Nayo huisha kwa mmoja katika juma la saba, kwa mwingine katika juma la 14. Hakuna ajuaye ya nani imekwisha, basi hapana budi kurudia. Kabla ya kumaliza chanjo hizo, wasipelekwe sokoni wala mahali wapitapo mbwa wageni.

KICHAA CHA MBWA

Ugonjwa huu si mgeni kwetu. Ulitambuliwa katika Kenya mwaka 1912, kwa mbwa mmoja wa viunga vya Nairobi, na hata leo haujatoka. Shirika la Afya Duniani hukadiria ya kuwa watu 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka ulimwenguni, na kati ya kila watu kumi wafao wanne ni watoto walio chini ya miaka 15. Karibu wote wameumwa na mbwa. Dalili zikisha kuonekana kwa mtu, kupona ni nadra mno. Walakini akitibiwa kabla yake, hapana haja ya mtu hata mmoja kufa.

Jirani yangu mmoja alimwokota barabarani mtoto wa mbwa wa miezi miwili hivi, akampelekea mwanawe wa miaka sita. Siku ya pili mbwa yule alimng'ata mtoto kidoleni, damu ikatoka kidogo. Baba alicheka, akasema kitoto kama kile hakiwezi kuwa na kichaa. Mama yake mtoto hakucheka. Alikiosha kidole kwa sabuni na maji ya kumiminika muda wa robo saa, hakutia pilipili wala majani, akampeleka hospitali siku hiyo hiyo. Siku ya nne mbwa yule akashikwa na udenda, akawa hawezi kumeza, akafa. Mtoto alimaliza sindano zote alizoandikiwa, na sasa yuko shuleni. Baba yake asimulia habari hii mwenyewe, wala hajifichi.

Twajifunza nini? Kwanza, umri wa mbwa si kinga. Pili, jeraha lisidharauliwe kwa udogo wake. Tatu, lioshwe dakika 15, kisha hospitali, wala sindano zisikatizwe kwa kuwa kidonda kimepona. Nne, mbwa aliyeuma, akiwa hai na akiweza kufungwa pasipo hatari, atazamwe siku 10, na maafisa wa mifugo waarifiwe. Asiuawe na kutupwa, habari ikapotea.

Chanjo ya kichaa hutolewa mtoto wa mbwa akifika miezi mitatu, hurudiwa baada ya mwaka mmoja, kisha kama daktari aelezavyo. Wakati wa kampeni ya chanjo, hata walio wadogo kuliko hapo wapelekwe, kisha warudiwe. Serikali ya Kenya iliweka mpango wa kuondoa vifo vya watu kwa kichaa cha mbwa kuanzia mwaka 2014 mpaka 2030, na msingi wake ni kuchanja mbwa 70 katika kila 100. Mbwa wako ni mmoja wa hao 100. Usipomleta, wewe ndiwe uliyepunguza hesabu.

TABIA HUFUNZWA MAPEMA

Mwaka 1961 wataalamu wa Bar Harbor, katika jimbo la Maine, Marekani, walieleza jinsi walivyowalea watoto wa mbwa ndani ya ua mkubwa pasipo kuguswa na watu. Waliotolewa wakiwa na majuma machache walizoea watu upesi. Waliokaa humo mpaka juma la 14 wakawa kama wanyama wa mwitu. Basi tangu juma la tatu washikwe kila siku, kwa upole, na watu wazima na watoto pia. Wasikie kelele za debe, wawaone ng'ombe na kuku, wazoee kuguswa miguu na masikio. Watu husema mbwa apigwaye na kufungwa tangu utoto huwa mlinzi mkali. Sivyo, huwa mwoga, na mwoga humwuma hata mtoto wa nyumbani.

Wala usimtenge na mama kabla ya majuma manane. Kwa ndugu zake ndiko ajifunzako kiasi cha kung'ata katika mchezo, kwa sababu aking'ata sana mwenzake hulia na kumwacha.

KUWAGAWA

Siku ya kugawa ni mtihani wa mwenye mbwa. Usimpe mtu mbwa kwa sababu amekuja na gunia tu. Mwulize: Ana ua? Nani atamlisha akisafiri? Atamchanja? Karani aishiye mjini katika chumba cha kupanga aweza kumpenda mbwa sana na bado asiwe na mahali pa kumweka. Afadhali amwambiwe hivyo leo kuliko kumtupa mbwa sokoni baada ya miezi mitatu. Kila atakayepewa apewe pamoja na kadi ya chanjo na tarehe za dawa ya minyoo zilizoandikwa.

Na kama hujui utawapeleka wapi, usiruhusu wazaliwe. Mbwa jike huanza kushika joto kati ya miezi sita na mwaka, na hurudia mara mbili hivi kwa mwaka. Akizaa sita kila mara, ni 12 kwa mwaka mmoja. Daktari wa mifugo aweza kumfunga uzazi, naye ataendelea kulinda kama kawaida. Kuwatia watoto katika gunia na kuwatupa kando ya mto si njia ya mtu muungwana. Tena waliopona ndio wazururao majaani na kueneza kichaa kwa watoto wa shule.

Wale sita wa kwangu walipata nyumba sita, na mbwa jike yule nikamfunga uzazi. Daftari lile ninalo bado: ukurasa mmoja kwa kila mtoto, uzito wa kila asubuhi, tarehe za dawa na za chanjo. Halikunigharimu ila penseli na dakika 10 kwa siku. Wahenga walisema, mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Walisema juu ya watoto wa watu, lakini mtu ayatazamaye majaa ya miji yetu usiku atakiri ya kuwa maneno hayo yawafaa mbwa pia, na aliyewalea vibaya si mbwa.